Shahidi wa Mota

Katika vyombo vyote ambavyo kazi yangu imenikutanisha navyo, sijaona kilicho kitiifu na kimya kama mota ya hatua. Mota za kawaida huzunguka maadamu zina umeme, mbio zake zikifuata nguvu iliyotiwa na mzigo uliobebwa. Lakini hii haiendi ila kwa amri, na kila amri huitimiza kwa kipimo kilichokadiriwa tangu kiwandani, mpigo mmoja wa umeme kwa hatua moja ya shafti. Ndani yake mna rota ya sumaku yenye meno 50, na kuizunguka rota hiyo mna koili za jozi mbili, ambazo zikitiwa umeme kwa zamu huivuta kutoka jino hata jino kwa hatua nne, hata mzunguko mzima ukatimia kwa hatua 200, kila hatua nyuzi 1.8. Draiva nzuri, yaani kifaa kizitiacho koili umeme, huweza tena kuigawa kila hatua mara kumi na sita, kwa kuupunguza umeme wa jozi moja taratibu huku ukiongezwa wa jozi ya pili, na kwa hila hiyo mzunguko mmoja huwa na hatua ndogo 3200. Aliyetuma amri 3200 husadiki kwamba shafti imezunguka mara moja. Aliyetuma 32,000 husadiki kwamba imezunguka mara kumi. Na imani hiyo, ambayo ndiyo izifanyayo mashine nyingi kuwa za bei nafuu, nimeishi nayo karakanani muda wa kutosha kujua mahali inapofaa na mahali inapodhuru.

Karakana yenyewe ilikuwa Gerezani, Dar es Salaam, mahali ambapo tangu asubuhi hata magharibi masikio hayapumziki kwa nyundo na misumeno. Mwenye karakana aliona kwamba watakao milango yenye nakshi wamekuwa wengi kuliko mikono ya wachongaji, akaagiza mashine ya kuchonga iongozwayo na kompyuta: fremu ya chuma, meza ndefu, mota za hatua kwa kila upande wa mwendo, skrubu zenye kusukuma milimita 10 kwa kila mzunguko, na spindeli yenye kisu kiendacho kwa kasi kubwa. Mimi niliajiriwa niitunze na kuiandikia programu. Pamoja nasi alikuwako mzee mmoja, mchongaji wa zamani aliyejifunza sanaa yake kwa bikari, patasi na nyundo ya mti, na mashine haikumwondoa kazini hata kidogo; yeye ndiye aliyechora nakshi, na yeye ndiye aliyezimalizia kwa mkono zile pembe za ndani ambazo kisu cha duara, kwa umbo lake, hakiwezi kuzifikia.

Kasoro ilidhihiri katika mbao ndefu za miimo. Kisu kilipomaliza safu ya maua na kurudi mwanzo ili kupita mara ya pili kwa kina zaidi, kompyuta ilionyesha kwamba kimefika palepale kilipoanzia, ilhali ubaoni mkato wa pili haukulala ndani ya mkato wa kwanza, bali uliupanda ukingo wake na kuula ukuta wa ua. Mafundi walisugua kwa msasa, wakaziba kwa unga wa mbao na gundi, mlango ukauzwa. Lakini mzee hakuridhika. Alinyanyua ubao akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaupitisha ukucha wake juu ya ule ukingo.

“Mwanangu,” akaniambia, “mashine yako yasema imefika, na ubao wasema haijafika. Mimi nauamini ubao.”

Neno hilo lilikuwa na haki kamili. Tarakimu iliyoandikwa kwenye kioo cha kompyuta, ambayo kila mtu aliisoma kana kwamba ni mahali kisu kilipo, haikuwa mahali kisu kilipo; ilikuwa hesabu ya amri zilizotumwa. Katika mashine ile hapakuwa na waya hata mmoja uliotoka kwenye shafti kurudi kwenye kompyuta. Amri zilikwenda na hakuna habari iliyorudi, na kompyuta, kwa kukosa habari, ilijisomea amri zake yenyewe na kuziita matokeo. Haikuwa hivyo tangu asili: mashine ya kuchonga chuma iliyoonyeshwa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1952, ambayo huhesabiwa kuwa mama wa mashine zote za namba, ilikuwa na mrejesho wa mwendo katika mihimili yake mitatu. Mrejesho uliondolewa baadaye katika mashine ndogo kwa ajili ya gharama, kwa kuwa mota ya hatua, mzigo wake ukiwa ndani ya uwezo wake, kweli haikosi.

Nilifunga geji ya saa mezani, nikaiamuru mashine iende na kurudi bila kukata kitu, kisha nikaiamuru ifanye vivyo hivyo kwa kasi ya kazi. Kwa mwendo wa pole sindano ilirudi sifuri daima. Kwa mwendo wa kasi ilirudi pungufu, na upungufu wake ulikuwa na adabu ya ajabu: ama milimita 0.2, ama 0.4, ama 0.6, wala si 0.3, wala si 0.5. Kwa anayeijua mota ya hatua, adabu hiyo ni ungamo. Rota inapozidiwa na mzigo haipotezi hatua moja tu, kwa maana mahali pa kutulia, kwa namna ileile ya umeme katika koili, hupatikana kila baada ya jino zima, yaani hatua nne, nyuzi 7.2; ikiteleza, huteleza mpaka jino la pili, na katika skrubu ya milimita 10 jino moja ni milimita 0.2 kamili. Lau ingekuwa mapigo yanapotea njiani, katika waya mbovu au kwa kelele za umeme, upungufu ungekuwa wa kiasi chochote, maana kila mpigo uliopotea ni sehemu tatu tu za elfu ya milimita. Kwa hiyo waya zilikuwa salama na draiva ilikuwa salama. Rota ndiyo iliyokuwa ikiachwa nyuma.

Lakini kasoro ilizidi nyakati za jioni; kwa nini rota iachwe nyuma jioni kuliko asubuhi? Swali hilo liliulizwa na kijana mmoja wa msasa ambaye hakuna aliyemtazamia kuuliza, nalo ndilo lililofungua mlango. Koili haipokei umeme kwa mara moja. Kila mara nguvu inapotiwa, mkondo hupanda kwa kuchelewa, na kadiri shafti inavyokwenda mbio ndivyo muda wa kupanda unavyopungua, hata mkondo usifikie kimo chake kabla ya zamu kubadilika. Dawa ya ucheleweshaji huo ni volti nyingi zaidi za kuusukuma mkondo. Lakini mashine yetu ililishwa na transfoma isiyo na kidhibiti, ambayo volti zake hushuka kila umeme wa mtaa unaposhuka, na jioni, taa na viyoyozi vinapowashwa, umeme wa mtaa hushuka. Hivyo basi mota iliyokuwa na nguvu za kutosha asubuhi ilikuwa dhaifu baada ya alasiri kwa kasi ileile, na programu, ambayo haikuwa na njia ya kujua, iliidai nguvu zilezile.

Tungeweza kupunguza kasi na kuishia hapo, na kwa majuma kadhaa ndivyo tulivyofanya. Lakini mashine iendayo pole kwa sababu haijui hali yake ni mashine iliyofungwa miguu. Nikamwomba mwenye karakana tununue enkoda, akakubali baada ya kuzungukwa na maneno mengi.

Enkoda ni chombo chepesi ambacho napenda kukieleza kwa sababu ya uadilifu wake. Ni sahani ndogo iliyofungwa kwenye shafti, yenye mistari myembamba, kwetu ilikuwa 1000, na upande mmoja pana taa, upande wa pili vipokea nuru viwili vilivyowekwa kwa hitilafu ya robo ya mstari. Sahani inapozunguka, kila kipokezi huona nuru na giza kwa zamu, na kwa kuwa vimepishana kwa robo, hali zao mbili huandamana kwa utaratibu usiovunjika: giza na giza, giza na nuru, nuru na nuru, nuru na giza, kisha mwanzo tena. Shafti ikienda kinyume, utaratibu husomeka kinyume. Kwa hiyo shahidi huyu hasemi umbali tu, bali mwelekeo pia. Kila mstari hutoa mabadiliko manne, mistari 1000 ikawa hesabu 4000 kwa mzunguko, nasi tukapata kipimo cha milimita 0.0025. La muhimu zaidi, katika mwendo wa haki hubadilika hali ya kipokezi kimoja tu kwa wakati mmoja. Frank Gray wa Bell Labs, ambaye hataza yake ya mwaka 1953 ndiyo iliyoupa mpangilio wa namna hii jina lake, alikuwa akishughulikia jambo jingine, lakini faida aliyotuachia ni hii: vipokezi viwili vikionekana kubadilika kwa pamoja, kompyuta hujua kwamba kuna hesabu iliyopitwa. Shahidi anayeweza kusema “hapa sikuona” ni bora kuliko anayejaza pengo kwa kubuni.

Ikabaki kazi ya kuipokea habari hiyo. Mizunguko kumi kwa sekunde, kasi ambayo ilitupa mita 6 za mwendo kwa dakika, huhitaji mapigo 32,000 kwa sekunde kwenda, na hurudisha hesabu 40,000 kwa sekunde. Baina ya hesabu moja na ya pili ni sehemu 25 za milioni ya sekunde. Kompyuta ya mezani, pamoja na wepesi wake wote, haiwezi kuahidi kuitika katika muda huo, kwa sababu ina mabwana wengi: kioo kinataka kuchorwa, diski inataka kusomwa, mtandao unabisha hodi, na mfumo wake humpa kila mmoja zamu kwa hiari yake. Mpigo uliochelewa kwa mwendo wa kasi ni mtikisiko katika mota, na hesabu iliyochelewa kusomwa ni hesabu iliyopotea. Kwa hiyo tuligawa madaraka. Kompyuta iliachiwa kupanga njia, kupanda na kushuka kwa kasi, na kumbukumbu ya kazi. Maikrokontrola ndogo yenye kihesabu cha enkoda ndani ya chipu yake ilipewa kutoa mapigo na kuhesabu marejeo, na wawili hao wakazungumza mara chache kwa sekunde, kwa ujumbe mfupi. Kihesabu hicho kilikuwa cha biti 16, hujaa kwa 65,536, maana yake hurudi sifuri baada ya mizunguko 16 na kidogo, ambayo ni milimita 163 tu ya meza iliyo ndefu kuliko mita mbili. Programu ilibidi isome mapema, itoe hesabu ya zamani katika mpya, na kulimbikiza tofauti katika namba pana zaidi. Jambo dogo, lakini karakana nyingi zimesumbuliwa nalo.

Sasa nafika mahali ambapo enkoda ilinifunza nisichokitazamia. Nilikuwa nimeifunga ili inijulishe hatua zilizopotea. Yaani nilikuwa nikitaka habari ya msiba baada ya msiba. Lakini nilipoiandikia kompyuta programu ya kuchora tofauti baina ya amri na marejeo wakati wote wa kazi, niliona kwamba tofauti hiyo haikuwa sifuri kamwe, hata pale ambapo kazi ilitoka safi bila dosari. Ilipanda meza ilipoanza kwenda, ikatulia, ikapanda kisu kilipoingia katika kifundo cha mninga, ikashuka kilipotoka. Ndivyo ilivyopasa kuwa. Rota haivutwi na sumaku ya koili isipokuwa iko nyuma yake kidogo. Mzigo ukiongezeka hubaki nyuma zaidi, na kwa kubaki nyuma huvutwa kwa nguvu zaidi, mpaka ifikie hatua moja nzima, nyuzi 1.8, ambapo mvuto ni mkubwa kupita wote. Ikipita hapo mvuto huanza kupungua, ilhali mzigo haujapungua. Ikifika hatua mbili, mvuto ni sifuri. Ikipita hatua mbili, jino la nyuma huishika, na milimita 0.2 zimekwenda zisirudi. Kwa hesabu za enkoda yetu, 20 ndiyo kilele cha uwezo, 40 ndiyo ukingo wa shimo, na 80 ndiyo chini ya shimo.

Hebu msomaji alizingatie jambo hilo kwa makini, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yangu. Mota ambayo tuliidhani kimya ilikuwa ikisema mambo yake tangu awali, na usemi wake ulikuwa na daraja: raha, taabu, hatari, kushindwa. Katika mpango wa bila mrejesho daraja zote nne huonekana sawa, kwa kuwa amri ni ileile. Tangu siku hiyo sikuipanga tena programu imngoje shahidi aseme “imepotea”. Niliipanga isikilize “inachelewa”. Tofauti ilipokaribia 15, kompyuta ilipunguza mwendo wa mihimili yote kwa pamoja, ili njia ya kisu isipinde. Ilipopita 30, ilisimamisha meza na kumwita mtu. Kwa mbio kubwa sana tarakimu hizi zataka hadhari, maana mkondo wa koili wenyewe huchelewa na hula sehemu ya nafasi ile. Lakini kwa kasi za kuchongea mbao zilitutosha.

Palikuwa na rafiki aliyenishauri niiache programu irekebishe kila upungufu papo hapo, hatua kwa hatua, bila kupunguza mwendo. Kwa mashine ya kusogeza kitu na kukitua, shauri hilo ni jema. Kwa mashine ya kukata halitoshi, kwa kuwa kisu kilichokwenda kombo kwa nusu sekunde kimekwisha kuukata ubao, na marekebisho ya baadaye hayarudishi mti. Hata hivyo, mwisho wa kila mwendo, meza ikisimama, tuliruhusu marekebisho madogo, na hapo tukakutana na uchokozi mwingine: hatua zetu ndogo zilikuwa 3200 na hesabu 4000, hazikulingana, na programu ilipotaka tofauti iwe sifuri kabisa mota ilitetemeka mbele na nyuma bila kutua, ikitafuta mahali pasipokuwapo. Ilitulia tulipokubali hitilafu ya hesabu mbili kuwa ni salama. Nicolas Minorsky, aliyeandika mwaka 1922 juu ya kuongoza meli kwa mitambo, alianza kwa kuwatazama washika usukani, akaona kwamba baharia mwema hageuzi usukani kwa kadiri ya kosa alionalo sasa tu, bali huangalia pia kosa lilivyolimbikizana na linavyobadilika. Wahandisi walifanya kanuni yake kuwa msingi wa mirejesho isiyohesabika. Nami naongeza, kwa uzoefu wa mbao, kwamba baharia huyo huyo hageuzi usukani kwa kila wimbi.

Wakati mmoja mikato ubaoni ilianza tena kutolingana, na safari hii amri na marejeo vilipatana kikamilifu, hesabu kwa hesabu. Fundi aliyetufungia kaplingi baina ya mota na skrubu alikuwa ameacha skrubu ndogo ya kubania bila kukazwa sawasawa. Shafti ya mota ilizunguka kwa haki, enkoda iliyofungwa nyuma ya mota ikashuhudia kwa haki, na skrubu ya meza ikateleza mbele yao wote wawili bila kuonwa. Enkoda haikusema uongo. Iliulizwa habari za mota, ikajibu habari za mota. Tulipoihamishia kwenye ncha ya mbali ya skrubu iliona kaplingi pia, lakini haikuona ulegevu wa nati iliyokwisha kulika. Na lau tungeweka kipimo cha mstari chini ya meza yenyewe tungeona hata huo, lakini hapo huja taabu yake, kwa kuwa ulegevu wote wa mashine huingia baina ya amri na jibu, na mrejesho mkali juu ya jibu lichelewalo huzaa mtikiso. Mashine kubwa huwa na vipimo viwili: kimoja motani cha kutuliza mwendo, kingine mezani cha kuamua mahali. Mimi sasa hushauri hivyo kwa yeyote mwenye uwezo wa kununua viwili, na asiyekuwa na uwezo humshauri akiweke kimoja karibu na kazi kadiri mashine itakavyostahimili.

Neno moja juu ya waya. Nyaya za enkoda zikilazwa pamoja na za spindeli iendeshwayo na inveta, kihesabu hupokea mabadiliko ambayo shafti haikuyafanya. Zitenganishwe, zisokotwe mbili mbili, zivikwe ganda la kinga lililounganishwa na ardhi upande mmoja, na kila ishara ipelekwe pamoja na kinyume chake ili kelele ijifute yenyewe. Gharama yake ni ndogo.

Mzee alipopata habari kwamba kompyuta yaweza kuonyesha mota inavyochoka, aliomba tarakimu hiyo iandikwe kubwa, mahali atakapoiona kutoka kwenye benchi lake. Niliiandika kwa herufi za kujaza robo ya kioo. Kwa siku nyingi aliitazama huku akichonga, hasemi neno. Kisha asubuhi moja akaja na kisu cha mashine mkononi, akanionyesha makali yake yaliyoanza kung'aa kwa kulika, akasema kwamba kwa mti ule ule na kina kile kile, tarakimu ambayo hapo awali ilikuwa 7 imepanda taratibu hata ikafika 12, na kwamba yeye hahitaji tena kungoja ubao uungue ndipo ajue kisu ni butu. Nilipitia kumbukumbu za kompyuta nikakuta asemavyo ndivyo. Tukaiweka 12 kuwa alama ya kubadili kisu kwa mninga, na kwa mkongo mzee akachagua mwenyewe 14.